Jiwe la Kifutio

3 Februari

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi mzima, mguu wa kulia unauma lakini unatembea, na kuku wote mia mbili na kumi ni wazima isipokuwa mmoja aliyejitumbukiza kwenye ndoo ya maji kwa upumbavu wake mwenyewe. Wewe je? Unakula? Usinijibu kwamba unakula kama huli.

Nakujulisha kwamba simbilisi wako Kifutio amefika. Bibi yako mzaa baba alimleta mwenyewe Jumapili, na tundu lake, na mfuko wa nyasi kavu, kwa sababu nyumba yake inabadilishwa bati, mafundi wanagonga kutwa na mnyama hapumziki. Nikasema mlete, miezi mitatu si kitu. Kumbe amekuja na karatasi. Karatasi nzima, mbele na nyuma, ya kunifundisha mimi kulisha kipanya kinene ambacho hata mkia hakina. Mimi nafuga kuku wa mayai mwaka wa thelathini na moja huu, na mayai yangu hayapasuki hata ukiyabeba kwenye baiskeli.

Nimeichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Mwandiko wake umejikunja kunja, na mimi niliyeishia darasa la tatu sina muda wa kuvaa miwani nisome amri za mtu. Wakati anaondoka alimshika Kifutio akamwambia, yeye mnyama, si mimi: "Usikonde, mama." Nilielewa maneno yale yalikuwa ya nani.

Tena nimeyaona meno yake mapya. Alicheka mara nne kabla hajakaa kitini. Akasema ndiyo meno ya bandia ya kwanza uliyotengeneza peke yako tangu uanze kujifunza kazi hiyo. Hongera. Mimi ya kwangu ninayo bado, siyahitaji ya karakana, lakini ungeuliza.

Ni mimi bibi yako mzaa mama, ambaye mgongoni kwake ndiko ulikokulia, kama umesahau.

*

14 Februari

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo na ninakula, kweli. Mguu upake ile dawa niliyokuachia, usiifiche kabatini ukisubiri uzidi kuuma.

Nimefurahi Kifutio yuko kwako. Bibi, meno ya Bibi mzaa baba yalikuwa ya mtihani. Nilihitaji mtu asiye na hata moja, na wewe unayo yote. Ungetaka nikung'oe?

Tafadhali fuata ile karatasi. Nyasi kavu zisikosekane tunduni, maji masafi kila siku, na kipande cha pilipili hoho, basi. Tumbo la simbilisi si la kuku.

Habari nzuri ni kwamba nimepewa likizo, siku saba, kuanzia tarehe kumi Mei. Mwaka jana nilizigawa zikawa tano kwake na mbili kwako, na ukaninunia mpaka Desemba. Mwaka huu sitagawa. Nimemkumbuka Kifutio mno. Alipo yeye ndipo nitakapokuwa, siku zote saba.

Mjukuu wako

*

2 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Dawa ya mguu nimepaka, inanuka, ila inafanya kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Siku saba ni siku saba. Nimeshaanika godoro.

Kifutio amenenepa. Shingo haionekani tena. Bibi yako wa pili alipita wiki iliyopita, eti yuko njiani kwenda dukani, ingawa duka liko upande mwingine kabisa. Akamtazama, akampapasa mgongo, akasema, "Nywele zake kama zimefifia." Zimefifia! Mnyama anayekula kwangu? Nimeamua nitamfanya awe na nguvu ambazo kwake hakuwahi kuwa nazo. Nina njia yangu na haimo kwenye karatasi ya mtu.

Kilichoniudhi ni hiki. Alipokuwa bado mlangoni, hata hajavua viatu, Kifutio alisikia sauti yake akaanza kupiga mluzi kama ameona ndugu. Mimi ninayemlisha kila asubuhi hajanipigia hata nusu ya mluzi.

Na mafundi wake hawajamaliza. Wasifanye haraka.

Bibi yako mzaa mama

*

19 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Nisikufiche. Kifutio haendi haja ndogo vizuri. Anajikunja, anatoa vitone viwili, halafu analia kilio chembamba kama bawaba ya mlango. Manyoya ya tumboni yamelowa. Leo kwenye matandazo yake nimeona wekundu. Nilidhani ni ganda la ile pilipili hoho. Si pilipili.

Usianze kulia huko, utaharibu meno ya watu.

Bibi

*

23 Machi

Bibi shikamoo,

Barua yako imefika leo na ninajibu leo; ungekuwa na simu ningepiga. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, asubuhi hii hii utakayosoma. Mnyama mdogo namna ile akizibwa haja ndogo hamalizi siku mbili. Anakula nini? Niandikie kila kitu unachompa, Bibi, hata kama ni kidogo.

Sina zaidi. Naikimbiza barua hii posta.

Mjukuu wako

*

1 Aprili

Mjukuu wangu,

Tulia kwanza. Yuko hai, ananitazama sasa hivi ninapoandika, kwa dharau yake ile ile.

Daktari ni kijana mrefu, mpole, anaongea taratibu. Alimpiga picha ya eksrei akanionyesha. Kifutio mzima ni kivuli, na katikati pale chini kitu cheupe kama punje ya dengu. Jiwe. Jiwe la kibofu. Akasema ana bahati ni jike na lilikuwa limeshashuka karibu na njia, maana njia ya jike ni fupi na pana. Akampa dawa ya usingizi, akalivuta kwa koleo jembamba bila kumpasua. Amenipa, nimelifunga kwenye karatasi. Linakwaruza ukiligusa.

Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia nyasi na maji. Akasema basi pengine maji yana chumvichumvi, au ni jambo la zamani lililokuwa likijikusanya.

Umesikia? La zamani. Kwangu ana miezi miwili tu. Kabla ya hapo alikuwa anakunywa maji ya kisima cha nani? Mimi simtaji mtu. Lakini mwenye karatasi ya mbele na nyuma angeandika na hilo la kisima chake.

Bibi yako mzaa mama, aliyekaa saa tatu kwenye benchi la mbao kwa ajili yako.

*

9 Aprili

Bibi yangu shikamoo,

Asante. Asante sana. Nilikuwa sili, sasa nakula.

Nimemwandikia Bibi mzaa baba. Nilimwandikia kwa hasira, Bibi. Nilimwambia kwamba miaka yote amenicheka kwa kuuliza uliza kuhusu yale maji ya kisima chake, na sasa ona. Nilimwambia asimguse tena Kifutio. Hakujibu. Nikampigia simu, akasema, "Sawa, mwanangu," akakata.

Likizo sibadilishi. Siku saba, kwako. Kwake sitapita hata kumsalimia, nikipita nitasema ovyo.

Mjukuu wako anayekupenda

*

28 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa ukimaliza kusoma unaweza kuirudisha shikamoo yako.

Nimekaa wiki mbili na zaidi bila kukuandikia. Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha, sikatai. Nilitembea na barua yako ndani ya khanga. Kila nikisikia hodi natamani awe yeye, nimwonyeshe pale uliposema hutapita hata kumsalimia. Uzee huu wote na bado nina moyo wa mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Jumatano Kifutio akaanza tena kulia. Nikajifunga khanga nimpeleke kwa daktari, nafungua mlango, nani amesimama? Mkwe mwenzangu. Hana meno mdomoni. Nikamuuliza meno yako wapi, akasema ameyavua tangu apate barua yako, hajisikii kuyavaa. Akasema amekuja kumwona mnyama mara moja tu, kisha anaondoka. Na kama ni maji ya kisima chake, nimsamehe, kwa maana alikuwa anayachemsha.

Alikuwa anayachemsha, mjukuu wangu. Maji ya simbilisi.

Nikamwambia basi beba tundu, mimi mguu unauma. Tukaenda pamoja. Njia nzima Kifutio ndiye aliyekuwa akizungumza.

Daktari akapiga picha nyingine. Jiwe jipya, kubwa kuliko la kwanza, limekaa ndani ya kibofu kabisa, na mchanga chini yake. Akakaa kwenye stuli, akatueleza taratibu vile vile. Akasema hili halitoki mpaka apasuliwe. Na kama mnyama anakula nyasi na maji tu, wala maji hayana neno, basi kasoro iko ndani ya mwili wake, na mawe yatarudi kila mara. Kumpasua leo na kumpasua tena baada ya miezi miwili ni mateso. Ushauri wake, akasema, ni kumpa dawa ya usingizi asiamke.

Bibi yako mzaa baba akaingiza mkono tunduni. Kifutio akaweka kidevu juu ya kidole chake. Daktari akaanza kuvaa glovu.

Nikasema, "Daktari, usimlaze. Si mwili wake. Nilimpa chokaa ya kuku."

Akageuka. Wote wawili waligeuka.

Unaijua ile chokaa, ile nyeupe ninayochanganya kwenye chakula cha kuku ganda la yai liwe gumu. Nilipoambiwa nywele zimefifia, nikasema mimi nitamtia nguvu mpaka ashangaze watu. Nikawa nakoroga kwenye pumba na tone la maji, na yeye alikuwa anakula, mroho yule. Lilipotoka lile jiwe la kwanza nililishika nikaijua rangi yake hapo hapo. Kijiko niliacha siku hiyo hiyo. Kusema ndiko sikuweza. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kichwani mwangu lile la kisima.

Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kumjibu. Akavua glovu akauliza kila kitu upya, na akaandika. Mkwe mwenzangu ndiye aliyeuliza, polepole, kwa mdomo ule usio na meno:

"Kiasi gani?"

"Kijiko."

"Cha chai?"

"Cha chai."

Nikaongeza, "Kilichojaa. Kila asubuhi."

Akasema, "Ulikuwa unataka atage?"

Mjukuu wangu, alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la gauni, na mimi nikakasirika, halafu nikacheka, halafu nikalia, na daktari akatutoa nje tukakae kwenye benchi.

Alimpasua mchana ule ule. Jiwe limetoka na mchanga umeoshwa. Amesema mabaki ya chokaa yaliyokuwa yamebaki kibofuni ndiyo yaliyokua yakawa jiwe hili, na kwa kuwa chanzo ni mlo, mlo ukinyooka anaweza kuishi. Haapi, lakini anaweza. Ana nyuzi sita tumboni na amekunywa maji mwenyewe.

Daktari akasema anataka mtu mmoja wa kufuata maagizo bila kupunguza wala kuongeza. Hakumtazama yeyote. Mimi ndiye niliyelichukua tundu nikaliweka kwenye mapaja ya mkwe mwenzangu. Bati lake limekwisha kuwekwa. Akaniuliza nina hakika? Nikamwambia chukua kabla sijageuka. Kifutio akapiga mluzi, na nyuzi zake zile. Sikupenda. Nakwambia kweli, sikupenda, na mpaka sasa sipendi.

Kwa hiyo mambo ni hayo. Mwandikie bibi yako leo, kabla hujala. Umwombe radhi kwa mkono wako, na umwambie avae meno. Usiniweke katikati, sema kosa ni langu, mimi nimeshalisema.

Najua simbilisi yuko wapi na najua ulisema nini kuhusu likizo. Sikuombi ugawe. Najua pia una hasira na mimi, na ni haki yako. Ila kugombezwa kwa barua sikubali. Barua ya namna hiyo ikija sitavaa miwani. Ukitaka kunigombeza njoo unigombeze mbele yangu, hapa nyumbani kwangu, nimekaa. Una mengi ya kusema na mimi ni mgumu wa kusikia, siku moja haitakutosha. Kwake utamgombeza nani?

Bibi yako