Viatu vya Shemeji Vimeingia Kwenye Wimbo

Mpendwa mshauri,

Naomba unijibu upesi, maana Ijumaa ya wiki ijayo wimbo wetu unaanza kuchezwa redioni. Mimi ni mwimbaji wa bendi ya watu wanne, tunapiga pop, na mwaka huu mpiga gitaa wetu, tunayemwita Profesa kwa kuwa hakosi neno, akatushawishi turekodi wimbo mmoja wa kantri, ule muziki wa Kimarekani wa gitaa na visa vya maisha, tukahangaika wiki tatu, kila ubeti tuliouandika ukawa mapenzi matupu, mara nakupenda mara nakufa, hadi Profesa akasema, "Kantri inataka kisa cha mtu. Nani hapa ana kisa?" Hapo mdomo ukaniponza, nikawasimulia habari ya dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki, ambaye mumewe alimwacha mwaka jana na mpaka leo kila Jumamosi anavipiga rangi viatu vya shemeji na kuviweka nje ya mlango, ili majirani wadhani mume bado yupo, siri aliyoniambia mimi peke yangu, huku analia. Hapohapo Profesa akashika gitaa, na kufika saa kumi alasiri wimbo ulikuwa tayari, viatu vikiwa kwenye kiitikio.

Kwa kawaida kila mtu hurekodi peke yake, ukikosea neno linatolewa na kupachikwa jingine, lakini safari hii fundi sauti alitaka tusikike kama watu waliokaa sebuleni, akatusimamisha wote tukiizunguka maikrofoni moja, nikaimba mara moja tu, nikalia kweli, akasema tusiguse kitu. Sasa nimemwomba avitoe viatu, anasema sauti zote zimeingia pamoja, akivitoa anatoa na gitaa na ngoma, wenzangu wanasema dada atafurahi kuimbwa, na jana dada mwenyewe kanipigia simu kwa furaha, amewaalika majirani wake waje kwake Ijumaa hiyo wamsikie mdogo wake redioni. Mshauri, wimbo ukishachezwa nimwambie nini asinichukie?

Mwimbaji mwenye hofu

Mwimbaji,

Pole. Roho inakuuma, na ina haki ya kukuuma. Lakini unaniuliza la kusema baada ya wimbo, na baada ya wimbo hakuna la kusema. Maji yakimwagika hayazoleki. Yako bado yamo kwenye ndoo, nawe umekaa unaniandikia mimi.

Usimsingizie Profesa. Yeye aliomba kisa, hakuomba cha dada yako, ungetoa chako. Na hayo machozi uliyoyamwaga mbele ya maikrofoni ulipaswa kuyamwaga mbele ya dada. Wanaokwambia atafurahi hawana viatu vya kuficha aibu mlangoni kwao.

Kesho, si keshokutwa, nenda kwake na wimbo kwenye simu. Usianze kuusifia. Mwambie, "Dada, nimekosa. Nimeitoa siri yako." Kisha mchezee mpaka mwisho, nawe unyamaze. Akisema uchezwe, sawa. Akikataa, mpigie fundi hapohapo auzuie, mrudi studio mkaizunguke tena ile maikrofoni na kuimba kisa kingine, hata bendi ikununie mwezi mzima. Bendi utapata nyingine. Aliyekulea ni mmoja.

Ukifika mlangoni utaviona viatu vile. Vua vyako, viweke kando yake, ndipo upige hodi.