Anwani ya Turku

Kaka Farbod,

Kabla sijakusalimu, nakusihi: hata neno moja la barua hii lisitoke mikononi mwako. Usiipige picha, usimsomee mtu, na ukimaliza ichome.

Sasa pokea salamu zangu nyingi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini ameshalianika godoro lako juani mara mbili, na kila jirani anaambiwa kwamba Nowruz hii, mwaka mpya wetu, mwanawe atakuwepo.

Ile VPN uliyonielekeza niliiweka kwenye kompyuta ya ofisini, ile ya Linux. Nilifuata maelezo yako mstari kwa mstari: nikatengeneza funguo mbili, ya siri nikabaki nayo, ya wazi nikakutumia, kisha nikaandika anwani ya kompyuta ndogo iliyo chini ya meza yako huko Turku, ili mtandao wangu upitie kwako. Nilipotoa amri ya kuiwasha, niliona kama dirisha limefunguka ukutani. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, nikawa naelea huko kwako. Kurasa za mtandao zilinidhania mwenyeji wa huko. Zikaniuliza kama nataka viatu vya theluji, zikanieleza kuwa mto umeganda. Nilikunywa chai huku nikihisi theluji inanitua mabegani, laini, bila sauti. Bi Ozra, ninayekaa naye meza moja, akawa ananitania, "Wee binti, mwili umekuja kazini, mwenyewe umebaki wapi?"

Kila ilipofika saa tatu niliizima, maana mfumo wa serikali wa kusajili ndoa haumpokei mtu aliye nje ya nchi. Unajua maisha yetu: unawasha kwa ajili ya dunia, unazima kwa ajili ya serikali. Baadaye nikachoka kuandika amri ileile kila siku, nikaiagiza VPN ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapoanza.

Jumatatu ya wiki iliyopita, bwana na bibi harusi wakiwa mbele yangu na sanduku lao la peremende, umeme ukakatika, kama kawaida ya msimu huu. Uliporudi, kompyuta ikaanza upya, na VPN ikaamka pamoja nayo. Sikuwaza. Nilijaza majina yao, nikatuma kwa leseni ya Bwana Navidpur, mkuu wetu. Mfumo ukakataa. Nikatuma tena, na tena. Mara zote tatu uliandika mahali nilipotokea.

Jumatano akaja mkaguzi na karatasi mkononi. Aliuliza kwa upole, bila kukaa, "Bwana Navidpur, nani anayeozesha watu wa Kashan akiwa Turku, Ufini?" Mzee akaapa hajui. Akaambiwa leseni yake itafutwa, na yeye mwenyewe atalala mahabusu mpaka akumbuke. Moyo wake ni mbovu, kaka. Alinitazama, akanimiminia chai.

Nikakiri kuwa ni mimi. Nilidhani yataishia hapo. Mkaguzi akanisogezea kalamu na kuniuliza, "Na hiyo nyumba ya Turku ni ya nani, binti yangu?"

Ningeweza kusema nimeinunua VPN kwa mtu nisiyemjua, kama wanunuavyo wote. Jibu hilo lilikuwa mdomoni. Lakini niliandika jina lako lote, na la baba, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini. Hakuna aliyenigusa. Niliogopa tu. Kisha akauliza unakuja lini. Hilo nalo nililijibu.

Kwa hiyo usije, kaka. Mama hajui, na mimi siwezi kumwambia. Mpigie Ijumaa, mwambie kazi imekubana. Nitakuwa nimeketi kando yake. Usiombe kuzungumza nami, wala usiniandikie kwenye simu, kwani wameichukua.

Barua hii anakuletea mpwa wa Bi Ozra anayesoma huko. Mwezi ujao anarudi kwa likizo. Ukitaka kunipata, andika kwa mkono, umpe yeye, na juu ya bahasha liwe jina la Bi Ozra. Kama hutaki kuniandikia tena, mpe bahasha tupu. Nitaelewa.

Nakuaga kwa aibu na kwa mapenzi,
mdogo wako,
Nahal