Mama na Ule Mtandao Mbaya

Jumatatu, 3 Machi
Soko la Toi asubuhi, nusu gunia la mitumba, halafu kibandani kwangu Kawangware 46, hapa Nairobi. Marinda matatu ya kupunguza kiuno. Mafundi wamemaliza kuvuta waya wa intaneti ya kasi mpaka kwenye ukuta wangu. Kijijini kwetu Bungoma waya kama huo uliingia kanisani mwezi uliopita. Nina wazo na linaninyima usingizi: niwafundishe akina mama wa kule kushona nikiwa hapa hapa. Mama yangu amejiandikisha wa kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshtuka. Picha haigandi! Wanawake saba katika ukumbi wa kanisa, mimi kwenye televisheni yao. Naona hadi uzi kwenye sindano. Nikainua mkasi, wakainua mikasi. Miaka miwili simu zangu na Mama zimekuwa "unakatika, mwanangu, unakatika", kisha basi. Leo amejibu kila swali. Nimelia mbele ya mteja, shauri yake.

Kama ushonaji unafundishika hivi, mbona si useremala? Mbona mwalimu mmoja mzuri wa hesabu asifundishe shule tatu za mashambani kwa mpigo? Kichwa kinanizunguka.

Alhamisi, 6 Machi
Sijui niandikeje.

Nilikuwa napachika kola, pini nne mdomoni kama kawaida yetu mafundi, naeleza huku nimebana meno. Wanawake wengine wote wakafuata. Mama akasema, "Unakatika." Nikatazama skrini. Picha safi. Mwenzake akamgusa bega: "Mama Nekesa, mbona sisi tunamsikia vizuri?" Mama akashikilia kwamba mtandao ni mbaya. Nikatoa pini. Akaelewa papo hapo. Nikageuka kuchukua rula, bado naongea.

"Unakatika tena."

Mtandao hauna kosa. Mama hasikii. Anasoma midomo.

Niliwaaga nikasingizia kwamba stima imepotea.

Ijumaa, 7 Machi
Sijashona kitu. Nina hasira na Mama. Nina hasira zaidi na mimi mwenyewe. Nilibadilisha laini ya simu mara tatu! Krismasi nilikaa naye wiki nzima, ana kwa ana, na sikung'amua. Nilidhani ananikazia macho kwa sababu ya mapenzi.

Kila siku anavuka barabara ya lami kwenda kisimani. Pikipiki zinapita mbio pale. Hasikii honi. Naogopa vibaya sana.

Mama mboga wa mlango wa pili alinikuta nimeinama juu ya cherehani, nikamweleza yote, akasema: "Sasa utalia mpaka lini? Si umuulize tu? Mamako si mtoto."

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada, sisi wawili tu kwenye skrini. Nilimuuliza polepole, uso karibu na kamera. Hakukana. Aliogopa ningemleta huku Nairobi, mtaani kwangu Kambi Muru, kwenye chumba changu kimoja, aache ng'ombe wake. Nikamwambia hakuna wa kumhamisha. Nesi wa zahanati ya kwao atafika ukumbini kumwangalia masikio, na daktari wa huku mjini atatazama pamoja naye kupitia waya huo huo. Matumizi hayo sikuwa nimeyawazia kabisa. Amekubali. Mpaka siku hiyo, kisimani atakwenda na jirani.

Tukakaa karibu saa nzima. Habari za ng'ombe, habari za kwaya. Halafu akanitazama.

"Nekesa, siku hizi sauti yako ikoje?"