Dawa ya Jicho, Hapana ya Kugawa

Jumatatu, 9 Juni

Nimefungua duka asubui, nimeuza pagne moja ya kitenge, nimefunga. Mama amefika Butembo kutoka Beni, jicho ya kuume imefunikwa na kitambaa. Kaka yangu Kambale alisema kwa simu ni vumbi ya barabara tu. Vumbi gani? Jicho iko na wingu. Mwanzoni ilikuwa nyekundu, Kambale akamuwekea matone yake mwenyewe, yale yalimuponesha mwaka jana. Wekundu ukaisha. Batu bote balimusifu. Sasa Mama hawezi kuingiza uzi kwenye shanga, yeye anayeunga rozari za parokia nzima. Nimechoka na ndugu.

Jumanne, 10 Juni

Docteur wa macho alitia rangi ndani ya jicho, akawasha taa ya bluu. Mistari ikaonekana kwenye kioo ya jicho, kama muzizi. Herpes. Hapana ile batu banacheka kwa uficho. Ni ile ya midomo, Mama iko nayo tangu utoto, ililala kwenye mushipa, sasa imeamka.

Matone ya Kambale yalikuwa cortisone. Yanaondoa wekundu, mais yanafunga mikono ya balinzi ba mwili. Virusi inakula bila mutu wa kuizuia. Nilitaka kumupigia Kambale pale pale. Docteur akasema tuache kelele, tutunze jicho. Vidonge vya aciclovir, mara tano kwa siku, mpaka viishe. Kidonda ikienda ndani zaidi, kovu itafunika kioo na Mama hataona.

Jumatano, 11 Juni

Mama anauliza kwa nini mara tano, kuku ya pasta inakula mara mbili na inanenepa. Nikamueleza vile docteur alinieleza, lakini kwa mufano wa shanga zake. Virusi inajizalisha ndani ya mwili vile wewe unaunga rozari, shanga moja kisha ingine. Dawa inajifanya shanga. Ila iko na tundu upande moja tu. Uzi unaingia, hautoki. Rozari ya virusi inakwama pale. Na mwili unatoa dawa haraka kwa mukojo, ukichelewa virusi inapata tena shanga nzuri. Alicheka. Alisema ameelewa. Nilifurahi, nilifurahi bure.

Ijumaa, 13 Juni

Vidonge vinaisha mbio. Nimeuliza. Mama anagawa.

Jirani wetu Mama Katungu amepata vyake, juu goti inamuuma. Mwingine, wa mutaa wa Vulamba, jino. Mama anasema mutu hawezi kumeza dawa ya bei peke yake, bageni bamekaa banamutazama. Kwetu mwenye kutembelea mugonjwa haondoki mikono mitupu. Ndizi, sawa. Avoka, sawa. Aciclovir, hapana. Virusi yenyewe ndiyo inaamsha ile dawa. Goti haina virusi, dawa inapita kama maji. Na ili vitoshe kwa bote, yeye anakula viwili kwa siku.

Nimebamiza mulango. Nimelia jikoni, kwa hasira, hapana kwa huruma.

Jumamosi, 14 Juni

Nimenunua vingine. Kambale amepiga simu. Anauliza, jicho haina tena wekundu? Donc basi arudi, cacao imeiva, nani atasimamia kukausha? Na amepata matone mengine. Nilimuambia ayaweke kwenye mboga yake ya sombe.

Mama alisikia yote. Akachukua simu, akamuambia kwa Kinande, polepole, kwamba hakuna mutu atagusa tena jicho yake. Kisha akaweka vidonge ndani ya kopo ya shanga na kukalia kopo. Bageni ba jioni bamepata avoka.

Jumatano, 25 Juni

Kwa docteur tena, chini ya taa yake: muzizi umefutika. Wingu imepungua. Mais katikati kuko kovu, na hiyo itabaki. Zile siku za kugawa, na yale matone kabla yake, jicho ndiyo imelipa. Docteur hakusema hivyo. Mimi nimesema.

Na virusi haikufa. Dawa inaizuia kuzaa, haiui ile inalala. Imerudi kwenye mushipa, mupangaji asiyelipa wala kuhama. Jicho ikiwa tena nyekundu, Mama afike siku ile ile, bila matone ya mutu yeyote. Nimemutumia Kambale ujumbe. Amejibu OK. Mbili tu, herufi mbili. Ninamukasirikia hata hapa kwenye daftari.

Jumapili, 29 Juni

Mama alirudi Beni jana. Aliniachia rozari mupya, aliiunga hapa kwangu, mwenyewe, bila kuomba nimuingizie uzi.

Nimesali nayo leo kabla ya misa. Kwenye fungu la tatu kidole kikafika mwisho mapema. Nimerudia. Shanga tisa, pahali pa kumi. Tangu nizaliwe sijaona Mama akikosa hesabu ya shanga.

Salamu Maria ya kumi nimeisema juu ya uzi mutupu.

Mchana amepiga simu, anauliza kama imetoka vizuri. Nimesema imetoka vizuri sana.