Mabati ya Mama na Mshahara wa Barasa

Bugembe, Jinja,
Uganda.
23 Novemba 1975

Mpendwa dada Eucabeth,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku ng'ambo ya mpaka. Mimi na Nasimiyu tu wazima, na watoto wanamaliza ugali kana kwamba wameajiriwa kwa kazi hiyo. Wewe je? Lile goti lako limesikia dawa? Na Mama, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko Chwele? Ukinijibu, anza na Mama.

Barua hii nimempa Ouma, dereva wa lori, akuletee mkononi, maana za posta siku hizi hufunguliwa njiani na watu zisizowahusu. Ukishaisoma itie jikoni, chini ya chungu.

Huku sukari imebaki ya kuhadithiana, nasi tunaishi jirani na miwa. Chumvi tunaipata kwa kujuana. Lakini nikienda Mbale, kule Nkoma kwa ndugu yetu Barasa, bakuli la sukari liko mezani limejaa, na mkewe Namono huniuliza kijiko kimoja au viwili. Mimi husema vinne, nione atafanyaje. Anatia vinne, dada, wala uso haubadiliki. Hicho ndicho kinachoniuma.

Sitakuficha, wewe unanijua tangu tukinyang'anyana ukoko wa sufuria. Namwonea Barasa kijicho. Ni mdogo wangu, naye ni naibu mkuu wa chuo pale Mbale. Ana friji, ana Peugeot, na Peugeot ikikohoa huniita mimi nilale chini yake kwenye vumbi, yeye amesimama pembeni na gazeti. Picha yake ya joho Mama ameitundika ukutani. Yangu iko kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vifungo.

Miaka yote nimemuuliza analipwa kiasi gani. Jibu lake ni moja: mshahara wa mtu ni kama nguo yake ya ndani, hauulizwi mbele za watu. Nami humwambia chuo si shamba la baba yetu. Ni cha umma, karo tunalipa sisi wenye grisi mikononi, kwa hiyo tuna haki ya kujua wakubwa wanachukua nini. Tumekosana hapo mara nyingi, mpaka Namono akawa analeta chai mapema ili tunyamaze.

Basi mwezi uliopita Ouma akaniletea habari kutoka Mbale. Gari la vipaza sauti lilikuwa linapita mitaani: mkubwa mmoja wa jeshi, Afande Sebit, ameamuru mishahara ya wakubwa wa chuo isomwe uwanjani, kila mwananchi aje asikie. Nilifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Niliomba ruhusa gereji, nikavaa lile shati langu la Krismasi, nikapanda basi la alfajiri. Nilisimama mbele kabisa. Aliye juu mngoje chini, nami nilikuwa nimemngoja sana.

Wakubwa hao walipandishwa mmoja mmoja juu ya meza, bila viatu. Kwa nini bila viatu, sijui. Wa kwanza alikuwa mhasibu mkuu, Bwana Mugweri. Mshahara wake uliposomwa watu wakaguna, wapishi na wafagiaji na wanafunzi. Afande akauliza kama yupo mtu yeyote aliyewahi kusaidiwa na huyu bwana. Watu wakatazama chini. Basi akatiwa kwenye Land Rover, na hadi leo mkewe anazunguka kambini na sufuria ya chakula, hajaonyeshwa wa kumpa.

Wa pili alikuwa Barasa.

Utataka kujua analipwa ngapi. Sikuandikii. Nimeitafuta hesabu hiyo miaka yote, na sasa kalamu inaikataa. Jua tu kwamba ni nyingi kuliko nilivyomsingizia, na iliposomwa nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu. Ndipo Afande akanigeukia.

"Wewe nafanana na hii bwana mukubwa. Kuja hapa."

Nikamwambia ndiyo, ni ndugu yangu, tumbo moja.

"Yeye nakula hii pesa peke yake, ama nasaidia nyinyi? Sema kweli."

Kweli ninayo, dada, na wewe unayo. Barasa hunipa chai na nauli ya kurudi. Maneno hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, yamekaa hapo miaka. Nikaona aibu kumtazama usoni, nikamtazama miguu. Sikuwa nimeiona miguu ya Barasa tangu tulipokuwa wadogo. Vidole ni vya Mama kabisa, kile cha mwisho kimempanda mwenzake. Nikasema, "Afande, huyu ndiye analisha sisi wote. Hata nyumba ya mama yetu, yeye ndiye aliweka mabati."

Sijui kwa nini nilitaja mabati. Nadhani nilitafuta kitu chema mtu alichomfanyia mwenziwe, na sikuwa na kingine ila hicho changu, nilichomfanyia Mama.

Walimshusha. Afande akasema sawa, lakini atauliza, ana watu wake wanaovuka mpaka kila wiki, watafika mpaka kwa mama mwenyewe.

Njiani kurudi Nkoma Barasa hakusema asante. Aliniuliza mabati yalikuwa ya geji gani, misumari nilinunua wapi, fundi alikuwa nani. Kila jibu alilirudia kwa kunong'ona. Amezoea mitihani. Nilimjibu yote, na roho iliniuma kuliko siku zote za Peugeot, kwa sababu nilikuwa namkabidhi jasho langu naye analikariri.

Usidhani nimegeuka. Bado nasema mishahara ya wakubwa wa umma ijulikane. Lakini iulizwe na anayetaka kujua, si na anayetaka mtu wa kumpakia garini.

Huku Bugembe habari ilifika kabla yangu. Sasa watu wanakuja gereji kumsifu ndugu yangu mkarimu, wananiomba niwasemee kwake. Mimi natikisa kichwa na kuendelea kufungua gurudumu.

Sasa sikia ninachokuomba. Kila Jumapili wakitoka kanisani Mama huwaonyesha watu paa, anasema hiyo ni kazi ya Makokha wake. Ni sifa moja tu ninayopata kwake, nami nimeilinda. Mwambie aiache. Aseme ni Barasa. Akibisha, mweleze habari ya Mugweri, lakini umkalishe kwanza.

Na Krismasi tukijaliwa kuja, wageni watakuwepo na hatujui nani ni macho ya nani. Tangu niezeke ile nyumba, kuku akichinjwa Mama hunipa mimi firigisi, kipande cha heshima, Barasa akiwa palepale anatazama. Mwaka huu ampe Barasa. Mimi anipe shingo, nami nitaila nikicheka. Wewe usinitazame wakati huo, tafadhali.

Nisalimie shemeji Otiende, watoto wote, na shangazi Selpher, umwambie khanga yake ninayo, sijaisahau. Nasimiyu anakusalimu sana. Mungu awafunike nyote, na Mama amjalie usingizi mwema na mvua hizi, chini ya mabati ya Barasa.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Makokha