Kituo cha Mama Pindo

Chumba cha mbele, ghorofa ya pili,
Mkabala na barabara mpya ya mabasi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu za moyoni. U hali gani huko uliko, na mgongo wako unasemaje siku hizi? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima. Presha ya Mama imetulia na anakula vizuri. Mimi nina mafua tu, na mafua hayajawahi kunifunga mdomo.

Kaka, barua yako ya mwisho ilinikera. Unaniambia nimsamehe baba mdogo kwa sababu ni damu yetu na marehemu baba ndiye aliyemsomesha. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na sasa haiyumbi. Najua baba mdogo atakupigia simu wiki hii, umshawishi Mama akubali jina lake liondolewe kituoni. Kabla hujamjibu, nisome mpaka mwisho.

Wewe ulikuwa mbali, hukuona. Vigingi vya kwanza vya njia ya mabasi ya mwendo wa kasi vilipigwa upande wa pili wa barabara, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta cha mke wa baba mdogo. Niliviona kwa macho yangu, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Wiki iliyofuata vikahamia kwetu, vikapita katikati ya kibanda cha Mama cha ushonaji. Na mhandisi mkuu wa kuipanga njia ile ni nani? Ni yeye. Siku ya kubomoa alikuja na kofia yake ya plastiki, akatuambia nchi haiwezi kusimama kwa ajili ya cherehani moja. Cherehani hiyo tuliibeba mimi na Mama, na hakunyoosha hata mkono.

Tangu hapo Mama anashonea chumbani, na wateja wengi hawapandi ngazi. Mtu aliyeitwa Mama Pindo na mtaa mzima, kwa kukupindia suruali ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri, akawa anashinda dirishani akitazama tingatinga. Nilimwona analia mara moja, ikanitosha. Nikaapa kwamba yule mzee atalipa.

Sasa sikia utamu. Kwenye ramani vituo vilikuwa na namba tu, pamoja na hiki cha kwetu, palipokuwa na kibanda cha Mama. Majina yaliachwa mwishoni, na sharti lilikuwa wakazi wenyewe wayachague mkutanoni, ili wafadhili waone wananchi wameshirikishwa. Sharti hilo aliliandika baba mdogo mwenyewe, maana mikutano yake yote ya nyuma ilihudhuriwa na viti vitupu. Wa kwetu akauitisha katikati ya wiki, saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini. Jina alishalitia mfukoni: kiitwe kwa jina la kituo cha mafuta cha mkewe, ili kila basi limtangazie biashara bure.

Alichosahau ni kwamba saa nne ndiyo saa ya wateja wa Mama. Wauza mboga wametoka soko la alfajiri, kina mama wameshapeleka watoto shule, walinzi wametoka zamu. Nilipita mlango kwa mlango nikimwambia kila mtu akumbuke ni nani aliyempindia sare ya mtoto dakika ya mwisho. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Baba mdogo alipoingia na katoni zake za soda, alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Sikuhitaji kusimama. Muuza mkaa alipendekeza "Kwa Mama Pindo", na mikono ikapanda yote. Baba mdogo akasema jina hilo halina hadhi, mwenyekiti wa mtaa akamsomea sharti lake. Baba mdogo akatia saini mbele yetu, na mimi mstari wa mbele sipepesi macho.

Na bado. Mkurugenzi wao ameamuru wahandisi wote walioipanga njia wapande mabasi hayo, waonyeshe mfano. Asubuhi na jioni baba mdogo anasimama humo na tai yake, sauti inatangaza "Kwa Mama Pindo", milango inafunguka, na watu wanashuka wakitazamana na pampu za mkewe. Juzi nilipanda makusudi nikakaa nyuma yake. Alikuwa anakodolea macho viatu vyake. Sijawahi kufurahia safari namna ile, na asije mtu kuniambia ni dhambi.

Jana alipanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza tangu bomoabomoa. Kumbe nyumbani kwake hakulaliki, mkewe anamsema usiku kucha. Jina ni la Mama, haliwezi kubadilishwa bila yeye kuridhia, kwa hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda, sauti laini, akieleza kwamba ni kibao tu, kitahamishiwa kituo cha mbele. Mimi roho ilikuwa mkononi. Unamjua Mama alivyo mwepesi wa huruma, na yule akijua kulia analia.

Mama alikuwa anapinda suruali ya mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Shemeji," akamwambia, "mara hii sihami."

Kwa hiyo akikupigia, jibu unalo.

Msalimie sana wifi. Waambie watoto shangazi yao anawasubiri, wakija washukie kwa bibi yao. Mama anakuombea afya na wepesi wa kila jambo, na Mungu akulinde huko ugenini. Baba mdogo sikupi salamu zake, hakuacha.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitinda mimba wenu.