Kilichomchekesha Maduhu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Bariadi, ugenini kwangu tangu niliache ziwa, tu wazima. Bibi yako amemaliza kuvuna pamba, anakusalimu. Umeuliza kwa nini mabaharia wazee tuliobaki watatu tunakutana Nkoma kila mwaka, mahali pasipo na ziwa.

Meli yetu ya mizigo ilipozama, mwenzetu Maduhu alikuwa chini kwenye injini. Mwili haukupatikana. Tulikwenda Nkoma kumpa mama yake pole, tukiwa tayari kueleza ajali. Akatuzuia.

"Kufa kwake nimeshaambiwa. Huko ziwani mwanangu alichekeshwa na nini?"

Masanja, mpishi wetu, akasema, "Mayu, mama yetu, alinicheka mimi. Alisema ugali wangu unafaa kuwa nanga."

"Hata wangu aliusema hivyo hivyo." Akacheka, kisha akalia, nasi tukalia naye.

Wakati wa kuagana akasema, "Mwakani mje. Hamkosi mengine ya kunisimulia."

Naye ameshafariki. Bado tunakwenda, tunakaa uani kwake na kusimuliana. Mwaka huu Masanja ametuambia kwamba Maduhu aliogopa maji, na alimwapisha asimwambie mtu.

Nilikula naye sahani moja miaka yote ile, na bado ninaendelea kumfahamu.

Ni mimi babu yako.